Kopo Lisilo Lake

Ilipaswa kuwa filamu ya pareto:
namna ya kuchuma, namna ya kukausha,
na mdudu aliyekuzwa mpaka akatoshana na mbuzi.
Bwana Sinema wa Wilaya akafungua kopo
ndani ya ghala la ushirika, Isyonje, mwaka sabini na moja,
akakuta kopo si lake.
Jeshi la watu, vita vya watu.
Lakini jenereta lilishanguruma,
nasi tulishakaa juu ya magunia,
pumzi zikitutoka nyeupe kama za ng'ombe alfajiri.
"Basi," akasema, "tazameni hiyohiyo."

Ndege ikaanguka. Kuanguka kwenyewe hatukukuona:
wingu, kisha mkia uliovunjika kati ya miti,
na rubani anatoka amejishika bega,
nywele zake zimechanwa vizuri.
Mtu asiyeonekana akaanza kumpa amri.
Mwalimu Ambindwile alitafsiri, amesimama kando ya shuka,
nusu ya msitu ikimpita usoni.

"Kanuni ya kwanza: usiiache ndege.
Mabaki yataonekana kutoka juu. Wewe huonekani.
Ya pili ni moto. Mmoja ni wa kupikia;
mitatu kwa mstari ni kilio.
Tupia majani mabichi, moshi uwe mzito.
Ya tatu: mzizi usioujua,
gusisha mdomoni, kisha subiri saa nane."

"Za mchana au za usiku?" akauliza mtu nyuma.

Subilaga, aliyepanda Kitulo kila mwaka kuchimba chikanda,
alicheka mpaka akateleza kwenye gunia.
Rubani ananusa kiazi kama barua ya deni!
"Maskini, mtoto wa watu,
hana hata wa kumuuliza."

Mama hakucheka.
"Mbona nyuma yake pana njia?"

Ilikuwepo. Nyembamba,
ya nyayo za mbuzi na za wenye mbuzi.
Filamu haikuitazama.
Siku nne yule kijana aliipa mgongo,
akila panzi amefumba macho,
akikata mistari kwenye gome la mti.
"Angeifuata," mama akasema,
"angefika kwa mtu ugali haujapoa."

Ikaja ndege nyingine. Akapunga shati.
Kisha weupe mtupu, namba za kinyumenyume,
na utepe ukijipiga pa, pa, pa,
mpaka Bwana Sinema akaukamata kwa mkono.

Gwamaka alikuwa mapajani mwa Subilaga usiku ule,
amelala, hakuona kitu.

Akakua. Akaenda Kagera.
Barua ya kwanza ilisema migomba ya huko ni kama ya Tukuyu.
Ya pili iliomba soksi.
Wenzake walirudi na redio, na kikohozi, na hadithi.
Yeye alirudi neno moja, limepigwa taipu:
hajulikani.

Tulipomfuata mama tumhamishie Mbeya mjini,
kwenye chumba chenye taa na bomba,
alikuwa anamenya viazi. Hakuinua uso.
"Usiiache ndege," akasema.

Tukatazamana. Uzee, tukadhani.
Akanyoosha kisu kuelekea nyumba:
paa limebonyea katikati,
ukuta wa jiko umelala tangu mvua za Aprili.
"Hayo yanaonekana kutoka mbali."

Jioni akawasha ukingoni mwa shamba,
majani makavu ya viazi chini, matawi mabichi ya mkaratusi juu.
Jirani akapita, akampa pole ya kazi,
akijua anachoma takataka.
Mimi nilihesabu.
Moja. Mbili.
Wa tatu ulisumbua, kuni zilikuwa na unyevu,
akaupulizia amepiga magoti mpaka machozi yakamtoka,
na ukungu wa Rungwe ukashuka
ukauchukua moshi wote bila kuuliza wa nini.

"Na ile njia, mama?" nikasema.
"Wewe mwenyewe uliiona."

"Mimi siye niliyepotea."
Akajifuta mikono kwenye kanga.
"Njia ni ya kwake. Naifyeka kila Jumamosi."

Asubuhi nikaenda kuangalia.
Nyasi zimekatwa kutoka mlangoni hadi barabarani,
upana wa watu wawili.